Butembo na Beni: Mtoto anapokosa pumzi usiku, si kila mara ni nimonia

Mara nyingi inaanza usiku. Mtoto wa miaka miwili ao mitatu amelala vizuri, akiwa na mafua kidogo tu. Saa nane ya usiku anaamka akikohoa, na kikohozi hakikatiki. Kila anapotoa pumzi, kifuani kunasikika mluzi mwembamba, na ngozi iliyo kati ya mbavu inazama ndani. Mama anamkalisha mapajani. Baba anawasha tochi ya simu na kuchungulia nje: baridi, giza, barabarani hakuna hata pikipiki moja.

Katika miji ya Butembo na Beni, jimboni Kivu ya Kaskazini, wazazi wengi wanaujua usiku wa namna hii. Wanachokosa mara nyingi ni jina la ugonjwa. Asubuhi mtoto anapelekwa kwenye farmasi ya karibu ao kwenye kituo cha afya, anapewa antibiotiki ya nimonia, anapata nafuu baada ya siku chache. Mwezi unaofuata, mambo yanaanza upya: sirupu nyingine, sindano nyingine, franka nyingine. Ni mara chache mtu anakaa na kuunganisha usiku wa mwezi huu na usiku wa mwezi uliopita.

Kwa sehemu ya watoto hao, ugonjwa wenyewe ni pumu, ile ambayo wengi hapa wanaita asima. Si ugonjwa wa usiku mmoja. Ni ugonjwa wa miaka, na unahitaji kutayarishwa mchana, wakati mtoto anacheza na hakuna anayeogopa.

Mirija inayofunga na kufunguka

Pumu ni ugonjwa wa mirija inayopeleka hewa ndani ya mapafu. Kwa mtoto mwenye pumu, mirija hiyo ina uvimbe mdogo wa ndani hata siku ambayo hakohoi. Ikichokozwa na moshi, vumbi, baridi ao virusi vya mafua, misuli inayoizunguka inakaza, makohozi yanajaa ndani, na njia ya hewa inabaki nyembamba kama mrija wa kunywea soda. Hewa inaingia kwa shida, lakini inatoka kwa shida zaidi. Ndiyo sababu mluzi unasikika hasa mtoto anapotoa pumzi.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu milioni 262 walikuwa na pumu mwaka 2019, na kwamba watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo mwaka huohuo. Vifo vingi vinatokea katika nchi maskini, mahali ambapo ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa zinazofaa haziwafikii wagonjwa.

Pumu haiambukizi. Mtoto haipati kwa kunywea kikombe cha mwenzake ao kulala naye kitanda kimoja. Lakini mara nyingi iko katika ukoo: mama ana pumu, ao shangazi anapiga chafya kila kiangazi, ao kaka mkubwa alikuwa na ngozi ya kuwasha alipokuwa mdogo. Na jambo ambalo wazazi wanapenda kusikia ni la kweli pia: watoto wengi wanaopiga mluzi kifuani kabla ya kufika miaka mitano wanaacha wanapokua. Wengine wanaendelea nao. Hakuna anayeweza kuhakikisha mapema ni nani ataacha, kwa hiyo wote wanahitaji kutunzwa sasa.

Kwa nini inaitwa nimonia kila mara

Muuguzi anayeogopa nimonia hakosei. Nimonia ni moja ya magonjwa yanayoua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Katika vituo vya afya, alama kubwa ya kuitafuta ni hesabu ya pumzi: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi mara 50 ao zaidi kwa dakika, ao mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5 akifika mara 40 ao zaidi, anahesabiwa kuwa na pumzi ya mbio. Shida ni kwamba pumu pia inaleta pumzi ya mbio. Ukihesabu tu, magonjwa haya mawili yanafanana.

Mwongozo wa OMS wa kutunza watoto wagonjwa, ambao vituo vya afya vinautumia chini ya jina la PCIMNE, umekwisha kufikiria jambo hili. Unasema kwamba mtoto mwenye mluzi na pumzi ya mbio apewe kwanza dawa ya kufungua mirija, hadi mara tatu, kwa kuachanisha dakika 15 hadi 20, kisha pumzi zihesabiwe upya. Kama pumzi imerudi kuwa ya kawaida, antibiotiki inaweza kuwa haina kazi. Lakini ili muuguzi afuate hatua hiyo, anapaswa kuwa na dawa ya kuvuta kwenye meza yake. Asipokuwa nayo, anabaki na kile alicho nacho, yaani amoksisilini.

Antibiotiki inaua bakteria. Haifungui mirija iliyokaza. Mtoto wa pumu anayepata nafuu siku ya nne ya antibiotiki mara nyingi angepata nafuu hata bila hiyo, kwa sababu mafua yaliyomchokoza yamekwisha. Hapo ndipo familia inadanganyika: inaamini kwamba dawa ilifanya kazi, na mara nyingine inainunua yenyewe kwenye farmasi bila kumuona mtu.

Miaka ya Ebola ilizidisha tabia hiyo. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, ugonjwa huo uligusa watu 3,470 na kuua 2,287, na Beni, Butembo, Katwa na Mabalako ni kati ya maeneo yaliyoumia zaidi. Wakati huo wazazi wengi waliogopa kupeleka mtoto mwenye homa kwenye kituo cha afya, wakihofia kutenganishwa naye. Farmasi ya mtaani ilionekana kuwa mahali pa usalama.

Kuna alama zinazoweza kumfanya mzazi afikirie pumu. Kikohozi na mluzi vinarudi mara kwa mara. Vinazidi usiku na alfajiri. Vinakuja mtoto anapokimbia, anapocheka sana ao anapolia, hata kama hana mafua. Mara nyingi hakuna homa kubwa. Na mtoto anafunguka haraka anapopewa dawa ya kuvuta. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mashine ya kupima nguvu ya pumzi haitumiki kwa kawaida, kwa hiyo historia inayotolewa na mzazi ndiyo kipimo kikubwa ambacho daktari anacho.

Kwa sababu hiyo, vitu viwili vya bei ndogo vina maana kubwa. Cha kwanza ni daftari, hata nyuma ya kadi ya CPS: tarehe, saa, mtoto alikuwa anafanya nini, alipewa dawa gani, alifunguka baada ya muda gani. Cha pili ni simu. Video ya nusu dakika, mtoto akiwa kifua wazi, inamuonyesha daktari mchana kile ambacho kilitokea saa nane ya usiku na kikapotea kabla ya jua kutoka.

Lakini si kila mluzi ni pumu. Mluzi ulioanza ghafla mtoto akiwa anakula karanga ao anachezea maharagi unaweza kuwa punje iliyoingia kwenye njia ya hewa, na hiyo ni kazi ya hospitali siku hiyohiyo. Kikohozi kinachopita wiki mbili, pamoja na kukonda ao homa ya jioni, kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Na mtoto mwenye homa kubwa, anayekataa kunywa na kuvuta pumzi mbio, anapaswa kuonekana na muuguzi hata kama anajulikana kuwa na pumu. Mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Moshi wa jikoni, vumbi ya barabara, baridi ya vilima

Butembo iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, lakini mgeni anayelala huko usiku wa kwanza anaomba blanketi ya pili. Mji umejengwa juu ya vilima, na hewa ya alfajiri ni ya baridi. Beni, iliyo chini zaidi kwa kilomita zaidi ya 50 kwenye barabara ya kaskazini, ina joto. Mtoto mmoja anaweza kukohoa zaidi Butembo kwa baridi na kukohoa Beni kwa vumbi. Kwa hiyo kubadilisha mji, kama familia nyingine zinavyojaribu, si dawa ya hakika.

Moshi ni adui wa kwanza ambaye familia inaweza kupunguza yenyewe. Nyumba nyingi zinapika kwa makala ao kuni. OMS inakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotokana hasa na kupika kwa namna hiyo, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati mama anapuliza moto anavuta moshi uleule anaovuta mama, kwa mapafu madogo zaidi.

Si kila nyumba inaweza kununua jiko la gesi, na umeme haufiki katika kila kiwanja. Lakini mbabula inaweza kuwashwa nje na kuingizwa chini ya paa baada ya moshi wa kwanza kuisha. Mtoto anaweza kukaa na mwingine wakati wa kuwasha. Kuni zinaweza kukauka vizuri kabla ya kutumika. Na kuna jambo moja lisilo na majadiliano: mbabula haiingii katika chumba cha kulala ili kuleta joto. Makala iliyowaka vizuri haitoi moshi mwingi, lakini inatoa gesi isiyo na harufu ambayo imekwisha kuua familia nzima zikiwa usingizini.

Kisha kuna vumbi. Barabara nyingi za ndani katika komine za Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba hazina lami, kama zile za Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori upande wa Beni. Wakati wa kiangazi, kila pikipiki inayopita inaacha wingu. Mtoto anayebebwa mbele ya dereva wa pikipiki analipokea usoni. Kumweka katikati ya watu wazima wawili, akiwa amefunikwa na kitambaa chepesi, kunasaidia kidogo. Kumwaga maji mbele ya nyumba kabla ya kufagia kunasaidia pia.

Ndani ya nyumba, vumbi ya godoro ina wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na kinyesi chao ni chanzo kikubwa cha alergi. Blanketi zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki kama inawezekana, na godoro litolewe juani. Kuku, simbilisi na paka wasilale katika chumba cha mtoto. Jambo hili si rahisi katika nyumba ambazo simbilisi wanafugwa jikoni kwa ajili ya nyama na mbolea, lakini kibanda kidogo nje kinatosha. Mende pia wanaleta alergi, kama vile moshi wa dawa ya mbu inayochomwa ndani na moshi wa sigara.

Kuna vumbi nyingine ambayo ni ya eneo hili hasa, nayo inaingia nyumbani kwa njia ya nguo. Eneo la Beni linajulikana kwa papaini, ule unga unaotokana na utomvu wa mapapai. Unga wa papaini umejulikana kwa miaka mingi kuwa unaweza kusababisha pumu kwa wafanyakazi wanaouvuta. Vumbi ya kahawa mbichi katika madepo, na vumbi ya mbao katika karakana za maseremala, zinajulikana vilevile. Baba ao mama anayefanya kazi hizo anafaa kubadilisha nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto mwenye pumu. Ni tendo la dakika tano.

Ngozi, pua na sahani

Pumu ya mtoto mara nyingi haitembei peke yake. Mtoto huyohuyo anaweza kuwa na ngozi kavu inayowasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ao pua inayotoa maji na kuwasha kila asubuhi bila homa. Hizo ni alama za alergi. Ngozi inasaidiwa na mafuta yasiyo na manukato, yanayopakwa mara mbili kwa siku, na kwa kuacha sabuni kali. Pua ikiwa imeziba kila usiku, daktari aambiwe, kwa sababu pua isiyotunzwa inachokoza kifua.

Chakula ndicho kinachosumbua zaidi familia. Katika mitaa, mtoto mwenye pumu anaweza kukatazwa mayai, samaki, karanga, maziwa na masoso yenye soya kwa mara moja. Hiyo ni hatari katika eneo ambalo utapiamlo wa watoto ni shida inayojulikana. Alergi ya chakula ipo, na kwa kawaida inajionyesha haraka: ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, midomo inavimba, ngozi inatoa mabaka, mtoto anatapika ao anaanza kupiga mluzi, na jambo hilo linarudi kila akila chakula kilekile. Kama hakuna historia ya namna hiyo, hakuna sababu ya kumnyima mtoto yai. Kama ipo, kinaondolewa chakula hicho kimoja tu, si sahani nzima. Mtoto anayevimba mdomo na kukosa pumzi kwa pamoja baada ya kula ao baada ya kuumwa na nyuki anahitaji sindano ya adrenalini, kwa hiyo akimbizwe hospitali.

Kuna pia matibabu ya kienyeji ambayo yanaacha majeraha. Katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mtoto mwenye kikohozi kisichoisha anaweza kukatwa kimio, ile nyama ndogo inayoning'inia kooni, ao kuchanjwa kifuani kwa wembe. Kimio hakihusiki na pumu. Kukikata kunaleta damu nyingi na maambukizi, na usiku unaofuata mluzi bado uko.

Pompi si dawa ya kufa

Dawa ya pumu inayofanya kazi vizuri zaidi ni ile inayovutwa, ambayo watu wanaiita pompi. Lakini ndiyo inayoogopwa zaidi. Inasemwa kwamba mtoto atazoea, hataweza tena kuishi bila hiyo, ao kwamba pompi ni ya mgonjwa aliyefika mwisho. Maneno hayo si kweli. Pompi inapeleka dawa kidogo sana moja kwa moja mahali penye ugonjwa. Sirupu na vidonge vya salbutamol vinapita kwanza tumboni na kwenye damu, vinachelewa kufanya kazi, na vinatetemesha mikono na kuupiga moyo mbio zaidi.

Shida ya kweli ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hawezi kuvuta pumzi sawasawa na wakati wa kubonyeza. Dawa nyingi inabaki mdomoni. Ndiyo sababu anahitaji chombo cha katikati, kinachoshika dawa hewani wakati mtoto anapumua taratibu. Chombo hicho cha kiwandani hakipatikani katika kila farmasi, na kinapopatikana kina bei.

Jibu lilitoka Afrika Kusini. Mwaka 1999, daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet utafiti uliolinganisha vyombo vya kiwandani na chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita kwa watoto wenye pumu iliyoshika. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Tangu wakati huo, chupa hiyo inatumika katika nchi nyingi.

Namna ya kuitengeneza ni rahisi. Chupa safi ya maji ya kunywa ya nusu lita inaoshwa kwa maji na sabuni ya vyombo, kisha inaachwa ikauke yenyewe bila kupanguswa ndani, kwa sababu kupangusa kunafanya dawa ishikamane na plastiki. Waya unapindwa kufuata umbo la mdomo wa pompi, unachomwa moto, na unatoboa tundu chini ya chupa. Pompi inaingizwa humo ikiwa imekaza, na pembeni inazibwa kwa gundi ao skochi ili hewa isitoke. Mtoto mkubwa kidogo anafunga midomo kwenye shingo ya chupa. Mdogo zaidi anahitaji kinyago kinachofunika pua na mdomo, ambacho muuguzi anaweza kusaidia kukipata na kukishikisha.

Wakati wa kuitumia, pompi inatikiswa, inabonyezwa mara moja tu, na mtoto anapumua mara tano ao sita kwa utulivu. Kisha inatikiswa tena kabla ya kubonyeza mara ya pili. Kubonyeza mara tatu kwa pamoja ni kupoteza dawa. Kazi hii haihitaji umeme, na kwa shambulio la kawaida inafanya vizuri kama ile mashine ya mvuke ambayo wazazi wengi wanaiamini zaidi kwa sababu inapiga kelele.

Dawa ya dharura na dawa ya kila siku

Kuna pompi za aina mbili, na kuzichanganya kunaleta hatari. Salbutamol inafungua mirija ndani ya dakika chache, lakini haiondoi uvimbe wa ndani. Ni dawa ya dharura. Beklometasoni, budesonidi na flutikasoni zinaondoa uvimbe polepole. Ni dawa za kila siku, kwa mtoto anayeshikwa mara nyingi ao aliyewahi kulazwa. Usiku wa shambulio hazitaonyesha kazi yake, na hapo ndipo wazazi wanaziacha. Mtoto akizitumia, asukutue mdomo kwa maji, ao afutwe uso kama alitumia kinyago.

Kama salbutamol inahitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki, ao kama kikohozi kinamwamsha mtoto usiku hata bila mafua, hiyo ni alama kwamba dawa ya kila siku inafaa kuzungumzwa na daktari. Vidonge vya predinisoloni vinaokoa maisha katika shambulio kali, kwa siku chache, kwa maandishi ya daktari. Vikinunuliwa kila mwezi bila mtu kuhesabu, vinaweza kuzuia kukua na kudhoofisha kinga ya mwili. Sirupu za kikohozi zenye kodeini ao za kusinzisha hazimfai mtoto asiye na pumzi ya kutosha.

Bei ya dawa na kupatikana kwake ndicho kizuizi kikubwa. Dawa nyingi za Butembo na Beni zinapita mpakani Kasindi, zikitoka Uganda na mbali zaidi, na barabara ikifungwa, rafu zinabaki tupu. Siku ya Pumu Duniani, inayofanyika kila Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tano, mwaka 2025 ilikuwa na ujumbe huohuo: dawa za kuvuta ziwafikie watu wote. Kwa familia, maana yake ni kutongoja pompi iishe. Pompi nyingi za salbutamol zina mibonyezo 200. Kuandika hesabu kwenye daftari ni njia ya hakika kuliko kuitikisa na kusikiliza.

Usiku ambao hakuna pikipiki

Mahali pengine, mwongozo wa pumu unaweza kusema kwa kifupi: ukiona hatari, piga simu, ambulansi itakuja. Huku si hivyo. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yameendelea katika eneo la Beni. Tangu Mei 2021, jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi wa hali ya dharura. Usiku, madereva wa pikipiki wengi hawatembei, na mzazi anayetoka na mtoto anahesabu hatari mbili kwa mara moja. Familia zilizokimbia vijiji zinaishi kwa jamaa, watu wengi katika chumba kimoja, karibu na moto wa jikoni.

Kwa sababu hiyo, mpango wa usiku unapaswa kutengenezwa na daktari ao muuguzi mchana, na kuandikwa. Mwongozo wa kimataifa wa GINA unatoa hatua kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ambaye daktari amekwisha kumpa salbutamol. Mtoto akalishwe wima, apewe mibonyezo miwili, mmoja baada ya mwingine, kwa chupa. Kama hajafunguka baada ya dakika 20, apewe tena miwili, na mara ya tatu baada ya dakika 20 nyingine. Akihitaji zaidi ya mibonyezo sita ndani ya saa mbili za kwanza, ao asipopona ndani ya saa 24, apelekwe kutunzwa.

Na kuna alama ambazo hazingoji asubuhi hata kama njia ni mbaya: mtoto hawezi kunywa ao kunyonya, hawezi kulia ao kusema neno zima, midomo ao ulimi unageuka rangi ya bluu ao majivu, kifua kinazama sana, ao anasinzia na kulegea. Iliyo mbaya kuliko zote ni mluzi unaonyamaza wakati mtoto anazidi kuchoka. Wengine wanafikiri amepona, kumbe hewa haipiti tena. Njiani, mibonyezo iendelee kutolewa, kwa sababu hospitalini atahitaji oksijeni.

Mpango mzuri unajibu maswali hayo kabla ya usiku: jirani gani ana pikipiki ao gari, namba yake iko wapi, kituo gani cha karibu kina muuguzi wa zamu na oksijeni, njia gani inapitika. Hospitali za rufaa zipo, kama Kitatumba, Matanda na Katwa upande wa Butembo, na Hospitali Kuu ya Beni. Lakini kati ya nyumba na hospitali kuna saa nzima ao zaidi, na saa hiyo ni ya wazazi. Mwalimu wa shule ya watoto wadogo, bibi na dada mkubwa wanapaswa pia kujua pompi iko wapi na inatumikaje, maana shambulio halichagui siku ambayo mama yuko nyumbani.

Usiku mwingine utakuja, hilo ni la hakika. Mafua yatazunguka mtaani, kiangazi kitarudisha vumbi, na mtoto ataamka saa nane akikohoa. Baba atawasha tena tochi ya simu. Tofauti itakuwa juu ya meza: chupa ya nusu lita yenye tundu chini, pompi iliyohesabiwa, daftari, na karatasi yenye namba ya jirani. Mama atamkalisha mtoto mapajani, atatikisa pompi, atabonyeza mara moja, na kuhesabu pamoja naye: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha ataangalia saa, kwa sababu sasa anajua ni dakika ngapi za kungoja na ni wakati gani wa kuamsha jirani.